Ramani za mafuriko za Dar es Salaam na Zanzibar zilizochorwa na wanafunzi wa vyuo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa jiografia, mipango miji na jiomatiki wanaotafuta nafasi ya fildi, wenyeviti wa serikali za mitaa wanaoletewa barua na vijana wenye futi kamba, na watu wanaotaka kutumia data wenyewe. Ya msingi yametangulia, yenye utata yako mwishoni.

## Mambo ya msingi

1. Wanafunzi hawa walifanya nini hasa?

Kuanzia mwaka 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliingia katika kata zinazofurika jijini Dar es Salaam pamoja na wakazi na vijana wa Msalaba Mwekundu. Walichora nyumba, vichochoro, mitaro, visima, shule na zahanati, wakaviweka vyote kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na kuitumia. Kazi iliungwa mkono na Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Humanitarian OpenStreetMap Team, shirika linalotumia ramani hiyo katika maafa na misaada.

Mbegu yake ilipandwa Tandale mwaka 2011, wanafunzi wa mipango miji wa Ardhi walipochora kata hiyo kwa njia iliyokuwa imejaribiwa Kibera, Nairobi, mwaka 2009. Zanzibar ikafuata mwaka 2016 kwa njia ya angani: Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, ilianza kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,300.

2. Kwa nini nguvu kubwa iliwekwa kwenye mafuriko?

Kwa sababu watu walikuwa wanakufa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande. Mji nao haukusubiri. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Wengi wa walioongezeka walijenga pale ardhi ilipopatikana kwa bei wanayoiweza, na mara nyingi hapo ndipo maji hupita.

Anayetaka kukadiria maji yatafika wapi masika ijayo anahitaji kujua mitaro iko wapi, ina ukubwa gani na imeziba wapi. Picha ya setilaiti haioni mtaro uliofunikwa na ukingo wa bati. Lazima mtu aende kwa miguu.

3. Si wangetumia kampuni ya upimaji?

Kwa mipaka ya viwanja, ndiyo, mpimaji aliyesajiliwa hana mbadala (tazama swali la 18). Kwa kuhesabu mitaro ya kata nzima, wanafunzi wana mambo matatu ambayo kampuni haina. Wapo wengi kwa wakati mmoja, kwa sababu mafunzo kwa vitendo, ambayo kwa kawaida huchukua wiki 8, huangukia likizo ndefu. Baadhi yao wamekulia au wamepanga katika mitaa hiyohiyo. Na wanabaki na ujuzi baada ya mradi kwisha. Kampuni hukabidhi faili na mkataba unafungwa, lakini mtaro uliochimbwa mwaka unaofuata hautakuwemo kwenye faili hilo. Ramani ya mji unaokua kwa kasi hii ni kazi ya kurudia kila mwaka, na vyuo hupata vijana wapya kila mwaka.

4. Wahadhiri walichangia nini?

Mchango mkubwa zaidi ulikuwa kuifanya kazi ya mitaani ihesabike chuoni. Mwanafunzi hawezi kutoa wiki 8 kwa jambo lisilo na alama kwenye matokeo yake. Wahadhiri walikubali ripoti za uchoraji ramani kuwa mafunzo halali, wakasimamia ukaguzi wa data, wakabadilisha mazoezi ya darasani ili yatumie mitaa halisi.

Mwaka 2018 ushirikiano huo ulipata sura rasmi kupitia Resilience Academy, inayounganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ardhi, SUZA na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu cha Turku cha Finland. Mwaka huohuo, kuanzia tarehe 27 hadi 31 Agosti, Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa FOSS4G, mkutano wa dunia wa programu huria za jiografia. Kabla ya hapo mkutano huo ulikuwa umefanyika Afrika mara moja tu, Cape Town, mwaka 2008.

Uhadhiri wa aina hii una mizizi mirefu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na ofisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi, BRALUP, tangu 1967, ambayo baadaye ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Huko ndiko alikotoka Profesa Pius Yanda, mmoja wa waandishi wa sura ya Afrika katika ripoti ya mwaka 2007 ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi.

## Kazi ya uwandani

5. Barua ya utambulisho inapita wapi?

Chuo huandika kwa mkoa au manispaa. Kutoka hapo barua hushuka kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, mwisho kwa mjumbe wa shina, yaani wa kundi dogo la nyumba jirani. Usiruke ngazi hata kama mtendaji ni rafiki yako. Mwenyekiti ambaye hakuletewa nakala ana haki ya kuwasimamisha, na siku nzima ya watu kumi inapotea.

Mjumbe ndiye mtu muhimu kuliko wote. Msalimieni, elezeni mnapima nini na mtaondoka lini, na mwombeni atembee nanyi siku ya kwanza. Mlango uliofunguliwa na "shikamoo mama, tumekuja na mjumbe" haufunguliwi na kitambulisho cha chuo.

6. Kikundi kinahitaji vifaa gani?

Watu watatu wanatosha kwa mtaro mmoja: wa kupima, wa kuandika na wa kuzungumza na wakazi. Wabebe simu mbili zenye programu ya fomu kama ODK, pawabanki, futi kamba ya mita 5, fito ya chuma ya mita moja na nusu yenye alama za sentimita, ramani ya mtaa iliyochapwa, gambuti, glavu nene na vizibao vya kuakisi mwanga. Ramani ya karatasi si ya akiba tu. Mzee wa mtaa ataweka kidole juu yake na kuwaonyesha kosa ambalo asingeligundua kwenye kioo cha simu.

7. Mtaro unapimwaje?

Anzeni juu, mfuate maji yanakoelekea. Kila umbo linapobadilika, simameni: zege linapokwisha na udongo kuanza, upana unapopungua, mtaro unapoingia kwenye kalavati au kufunikwa na kibanda. Kila kituo andikeni upana wa juu, upana wa chini, kina, kilichojengea kingo na hali ya uchafu, kisha pigeni picha mkitazama upande wa maji yanakokwenda.

Kina ndicho kinachoharibiwa zaidi. Mtu hushusha futi kamba hadi inapogusa kitu laini na kuandika namba. Hapo amepima hadi juu ya tope. Pigeni fito hadi igonge sakafu, mwandike vipimo viwili: kina kamili na kina kilichobaki wazi. Mtaro wenye kina cha sentimita 80 na tope la sentimita 50 umebakiwa na sentimita 30, chini ya nusu ya ulivyojengwa. Mwenye namba ya kwanza peke yake atadhani mtaa uko salama. Mwenye zote mbili anajua kwamba kinachohitajika ni koleo na lori la taka, si mtaro mpya.

Kwenye OpenStreetMap, mtaro uliojengwa kingo hupewa lebo waterway=drain na ule wa kuchimbwa kwenye udongo waterway=ditch. Mstari uchorwe kufuata mwelekeo wa maji. Hili ni kosa dogo kwa macho, lakini programu ya kukokotoa mafuriko husoma mwelekeo wa mstari. Ukiuchora kinyume, maji ya Msimbazi yatapanda Pugu badala ya kushuka Daraja la Selander. Kosa la tatu ni mistari isiyogusana: mtaro unaishia nusu mita kabla ya ule unaomwagia, na kwa kompyuta huo ni ukuta.

8. Tunajuaje maji yalifika kimo gani mwaka jana?

Kwa kuwauliza waliokuwepo, na kupima wanachoonyesha. Mkazi akisema "yalinifika kiunoni", msiandike kiuno. Mwombeni aonyeshe mahali kwenye ukuta, mpime kutoka ardhini kwa futi kamba. Tafuteni alama pia: mstari wa rangi ya chai kwenye plasta, rangi iliyobanduka hadi urefu mmoja kuzunguka chumba, kutu iliyoanzia chini ya geti hadi kimo fulani. Chumba kilichopakwa rangi upya mara nyingi bado kina mstari nyuma ya mlango.

Mwaka ni mgumu kuliko kimo. Watu wengi hukumbuka mafuriko kwa matukio: mvua za El Niño za 1997 na 1998, yale ya Desemba 2011, yale ya Aprili 2018. Ulizeni mtoto wa nyumba alikuwa darasa la ngapi, ndipo mhesabu. Pateni majibu ya nyumba tatu zisizopakana kabla ya kuchora ukingo wa mafuriko, na ulizeni pia nyumba ambazo hazikuingiwa na maji, kwa sababu hizo ndizo zinazoonyesha maji yaliishia wapi.

Angalieni kama ardhi imeinuliwa. Msimbazi na vijito vyake huleta mchanga, na wakazi hujaza vifusi mbele ya nyumba kila mwaka. Mstari ulio sentimita 60 juu ya ardhi ya leo huenda ulikuwa mita moja juu ya ardhi ya siku ile. Andikeni kimo kutoka kizingiti cha mlango pia, maana kizingiti hakihami.

9. Kwa nini mlihangaika na mipaka ya mashina?

Kwa sababu msaada hugawiwa na watu, na mjumbe anajua nani anaishi wapi. Ramani inayoishia ngazi ya kata haimwambii mtu wa Msalaba Mwekundu agonge mlango upi usiku. Mipaka hii huwa haiko kwenye karatasi. Tembeeni na wajumbe wawili wanaopakana kwa pamoja. Mkimfuata mmoja mmoja, mtapata nyumba zinazodaiwa na wote wawili na nyumba zisizo na mwenyewe.

## Droni

10. Droni ina faida gani juu ya picha za setilaiti?

Picha nzuri za setilaiti za kibiashara huonyesha kitu cha sentimita 30 hadi 50. Zanzibar ililenga takriban sentimita 7, kiwango kinachomwezesha mchoraji kutenganisha paa mbili zinazogusana. Droni pia hupita chini ya mawingu na huruka siku mnayotaka ninyi. Nyingi za Zanzibar zilikuwa eBee, za mabawa, nyepesi kama pakiti ya unga, zinazorushwa kwa mkono na kutua kwa tumbo. Zinafunika eneo kubwa kwa betri moja kuliko droni za mapanga.

11. Kurusha kunapangwaje, na ni nini huharibika?

Picha zipishane takriban asilimia 75 kwa mbele na 65 kwa pembeni. Kabla ya kurusha, wekeni alama za ardhini na mzipime kwa kipokezi cha GNSS (mawimbi ya setilaiti za mahali, kama GPS) chenye usahihi wa sentimita: kila kona ya eneo, katikati, na nyingine chache za kukagulia tu, ambazo hazitumiki kurekebisha picha. Mkiweka alama zote kando ya barabara moja kwa sababu ni rahisi kufika, ramani itajikunja kama bakuli: katikati sawa, pembeni imepotea kwa wima. Kwa mafuriko, wima ndio kila kitu.

Saa nzuri ni saa 3 hadi saa 5 asubuhi, kabla upepo haujashika. Adhuhuri jua hung'aa juu ya maji na kuunguza picha. Kusi au kaskazi ikivuma, minazi hutikisika, na programu haiwezi kulinganisha jani lililohama kati ya picha mbili. Bahari yenyewe haina alama za kulinganisha, kwa hiyo mistari ya kurusha ya pwani ipangwe ili kila picha iwe na kipande cha nchi kavu.

Mwisho, kimo kinachotoka kwenye droni ni cha paa na majani, si cha ardhi. Msikitumie kwenye hesabu za mafuriko kabla ya kuyaondoa majengo na miti.

12. Vibali?

Tanzania Bara, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha Wizara ya Ulinzi, vyote viwili kabla ya siku ya kazi. Zanzibar ina ngazi zake za ziada, ulizeni mapema. Barua ya chuo haichukui nafasi ya kibali chochote kati ya hivyo, na droni hukamatwa.

## Kutumia data

13. Naipata wapi na kwa masharti gani?

Data ya OpenStreetMap ya Tanzania hupakuliwa bure kwenye tovuti ya Geofabrik, ambako husasishwa kila siku, au HDX, tovuti ya data za kibinadamu. Kwa kata moja tu, tumia kiendelezi cha QuickOSM ndani ya QGIS, programu huria ya ramani. Leseni yake, ODbL, inakutaka utaje chanzo, na ukitengeneza hifadhidata kutokana nayo na kuisambaza, uisambaze kwa masharti yaleyale. Huhitaji kumwomba mtu ruhusa wala kumlipa. Picha nyingi za droni za Zanzibar ziko kwenye tovuti ya OpenAerialMap.

14. Tabaka zangu zimepishana zaidi ya mita 300. Nani kakosea?

Pengine hakuna. Ramani za zamani za Tanzania zilitumia datumu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960. Simu, droni na OpenStreetMap hutumia WGS 84. Dar es Salaam, tofauti ya hizo mbili ni zaidi ya mita 300. Usilisukume tabaka kwa mkono. Liambie programu ukweli: kwa namba za EPSG, zinazotambulisha mifumo hii ndani ya programu, Arc 1960 kanda ya 37 kusini ni EPSG 21037, na WGS 84 ya kanda hiyohiyo ni EPSG 32737. Ukiwa Dodoma au Mwanza, uko kanda ya 36, kwa hiyo namba ni 21036 na 32736.

15. Kata yangu imeandikwa wilaya isiyo yake.

Data ni ya zamani. Ubungo na Kigamboni zimekuwa wilaya mwaka 2016, kwa hiyo Manzese, Mabibo au Mburahati za mwaka 2015 zitasoma Kinondoni. Tumia mipaka ya sasa kwa ripoti, lakini usifute ile ya zamani kama unalinganisha miaka.

## Maswali yenye utata

16. Je, ramani hizi zitatumika kutubomolea?

Hili huulizwa na wakazi wa mabondeni, na wana sababu. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba za bonde la Msimbazi ziliwekewa alama ya X nyekundu na kubomolewa. Kijana mwenye fomu na kizibao anafanana sana na aliyekuja na rangi.

Jibu la kweli ni kwamba data huria inaweza kusomwa na yeyote, mbomoaji akiwemo. Mwanafunzi asiahidi kwamba haitatumika hivyo, kwa kuwa ahadi hiyo hawezi kuitimiza. Anachoweza kusema ni kwamba haandiki jina la mtu, haweki alama kwenye nyumba, na mkazi ana haki ya kukataa kujibu. Aeleze pia kwamba mtaa usio kwenye ramani hauko salama zaidi: mtaro wake hautengewi fedha, na watu wake hawahesabiwi mpango unapoandikwa. Mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 za Benki ya Dunia mwaka 2022, umegusa nyumba nyingi za Jangwani na jirani zake. Mkazi mwenye nakala ya ramani ya mtaa wake huingia kwenye kikao cha mradi wa namna hiyo akiwa na kitu mkononi. Ndiyo maana nakala iliyochapwa ibandikwe ofisi ya mtaa kabla wanafunzi hawajaondoka. Hili si la hiari.

17. Vipi kuhusu faragha?

Majina, namba za simu, idadi ya watu ndani ya nyumba na hali ya afya haviendi OpenStreetMap kamwe. Fomu ikilazimika kuwa navyo, vinahifadhiwa chuoni chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Picha za mitaro zikaguliwe nyuso za watoto kabla ya kuchapishwa.

18. Nyumba yangu iko kwenye ramani. Ni uthibitisho wa umiliki?

Hapana. Umbo la paa si mpaka wa kiwanja. Hati na leseni ya makazi zina taratibu zake katika mamlaka za ardhi.

19. Nikimaliza fildi, naonyeshaje nilichofanya?

Kila hariri ya OpenStreetMap hubaki na jina la akaunti yako na tarehe, na mwajiri anaweza kuifungua. Tumia akaunti moja tangu mwaka wa kwanza, na andika maelezo ya kueleweka kila unapohifadhi: "mitaro ya Mtaa wa fulani, imepimwa uwandani" ina uzito kuliko nafasi tupu. Kwenye wasifu taja eneo, mlichopima, mlivyokagua usahihi na nani aliyatumia matokeo. Kazi ya kikundi ielezwe kuwa ya kikundi, na wakazi waliotembea nanyi watajwe kwenye shukrani za ripoti wakiridhia.

20. Idara yetu iko Kenya, Uganda, Burundi au kwingine. Tunaanzaje?

Mtandao wa YouthMappers, ulioanzishwa mwaka 2015 na vyuo vitatu vya Marekani, Texas Tech, George Washington na West Virginia, hupokea vikundi vya wanafunzi popote. Mnahitaji mhadhiri mlezi na viongozi wa wanafunzi. Lakini msisubiri uanachama. Chagueni mtaa mmoja mnaoweza kuufikia kwa miguu, pateni barua kama swali la 5 linavyoeleza, pimeni mtaro mmoja kuanzia unapoanzia hadi unapomwaga kwa njia ya swali la 7, halafu upelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kiongozi wa kijiji ukiwa umechapwa. Akishauona, atawaambia mwenyewe ni upi unaofuata.